Mume Wangu Anasema Likizo Bila Bahari Si Likizo

SWALI

Kwako Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Donholm. Neema ana miaka 14 na mdogo wake Baraka ana miaka 9. Mume wangu ni msimamizi wa mijengo, kwao ni Vihiga. Mimi nimezaliwa Kitui.

Kila Agosti tukijaliwa pesa kidogo tunaenda Mombasa. Mwaka mmoja tulikwenda mbuga ya Nakuru tukaona vifaru. Sisemi ni vibaya. Lakini mwaka jana Neema alishinda ufuoni macho yakiwa kwenye simu, na jioni Baraka akaniuliza, "Mama, kesho tutafanya nini?" Nikakosa la kumjibu, maana kesho tungefanya yale yale ya leo.

Rafiki yangu wa chama ameniambia juu ya kisiwa cha Rusinga, msitu wa Kakamega na ngome ya mawe inayoitwa Thimlich Ohinga. Mwingine anasema twende Uganda, eti kitambulisho kinatosha. Mwingine ananisifia Lushoto, Tanzania. Tuna siku nane au tisa, na akiba yetu tukikaza itafika laki moja na nusu.

Nilipomweleza Baba Neema, alinijibu hivi: "Niende Kisumu kuangalia mawe? Na nikifika Kisumu, nitawaambia nini watu wa Vihiga? Nikipita bila kuingia nyumbani ni kesi. Nikiingia nyumbani, hiyo si likizo tena."

Naomba unisaidie. Twende wapi, na nimshawishi vipi? Tena kuna jambo linanisumbua. Baadhi ya sehemu hizo watu huenda kuomba. Je, ni sawa sisi kuingia na simu zetu kama tumekwenda kutazama mchezo? Mimi nisingependa wageni wafanye hivyo kwa nyanya yangu Kitui.

Mama Neema, Donholm

JIBU

Mama Neema,

Soma tena maneno ya mume wako. Mawe ameyataja mara moja tu. Yaliyobaki yote ni Vihiga.

Kwa mtu aliyezaliwa magharibi na kutafuta riziki Nairobi, kushika ile barabara ya Nakuru na Kericho ni kwenda kwenye matanga, ni karo ya mtoto wa binamu, ni mabati ya jiko la mama, ni kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba. Hajawahi kwenda huko kupumzika. Mombasa anaipenda kwa kuwa akifika hakuna anayemsubiri na shida. Kwa hiyo usibishane naye juu ya uzuri wa ziwa au wa msitu, utashindwa. Zungumzeni kwanza habari ya nyumbani.

Mpe mpango huu. Nyumbani mtaingia, lakini mwisho wa safari, kwa usiku mmoja. Yeye mwenyewe apige simu mapema na kutaja siku ya kufika na siku ya kuondoka. Bahasha ya nyumbani itolewe kwenye ile laki moja na nusu kabla hamjafunga mlango wa Donholm, na kiasi chake mkijue nyinyi wawili tu. Mkianzia nyumbani, mtatoka huko siku ya tatu mkiwa mmebaki na nauli. Mkimalizia nyumbani, nyanya atapata sukari, majani, blanketi na wajukuu wenye hadithi za kumsimulia, na mume wako atakuwa ameshapumzika siku saba. Kesi haitakuwepo.

Na sasa safari yenyewe. Mimi nachagua ziwa na Kakamega, wala siyumbi. Watoto wako wana damu ya huko na hawawajui hata majirani wa nyanya yao. Tena siku nane zinatosha eneo moja tu. Familia nyingi hujaribu kubana nchi tatu katika wiki moja, na wanachokumbuka baadaye ni kisogo cha dereva.

Kabla hamjaondoka Nairobi, mchukue Neema na Baraka Jumamosi moja hadi Moi Avenue, kwenye sanamu ya Tom Mboya. Wakazi wa jiji hupita hapo wakikimbilia matatu bila kuinua macho. Waeleze kwamba karibu na hapo ndipo alipopigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka kwenye duka la dawa. Alikuwa waziri wa mipango ya uchumi na alikuwa na miaka 38 tu. Waeleze pia kwamba miaka 10 kabla ya hapo, mnamo Septemba 1959, vijana 81 walipanda ndege kwenda kusoma vyuo vya Marekani kupitia mpango alioupigania yeye, na kwamba Wangari Maathai naye alikwenda mwaka uliofuata kwa njia hiyo hiyo. Neema ni wa umri wa kuelewa uzito wa jambo hilo. Halafu waambie kaburi lake liko kisiwani Rusinga, na mtakwenda kulitazama. Safari itakuwa imeanza hapo jijini, na watoto watakuwa na la kulisubiri.

Hadi Kisumu mnaweza kwenda kwa basi au kwa garimoshi. Reli ya zamani ya Nairobi hadi Kisumu ilirudishiwa garimoshi la abiria Desemba 2021. Haliendi kila siku, kwa hiyo ulizeni stesheni kabla ya kupanga tarehe. Likiwepo, mpandeni hilo. Mtoto wa miaka 9 hasahau usiku aliolala ndani ya garimoshi.

Kisumu msikae sana. Nendeni makumbusho, mtazame boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwoneshe Neema jinsi nyumba ya mke wa kwanza inavyokabili lango, na nyumba za wana wa kiume zilivyopangwa kwa utaratibu wake. Jioni mle samaki, ngege au mbuta, ufuoni Dunga, karibu na mafunjo, wavuvi wakitia nanga.

Asubuhi yake mshike barabara ya Bondo. Njiani mtafika Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza, majabali makubwa yaliyopandana juu ya majabali mengine. Wenyeji wa Seme husimulia habari za mzee aliyeitwa Ngeso, ambaye kila siku alikuwa akienda kushinda chini ya miamba hiyo, na mkewe akimpelekea chakula huko. Mke akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Mkiwa mmetoka kuona lile boma siku iliyotangulia, hata Baraka ataishika hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Kutoka hapo mtaendelea hadi Luanda Kotieno mpande feri. Kwa muda wa kama saa moja mtakuwa juu ya maji pamoja na magari, magunia ya omena na akina mama wa soko, kisha mtashuka Mbita. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja.

Hapo Rusinga mkae siku mbili au tatu. Jengo lililo juu ya kaburi la Mboya lina umbo la risasi, na ndani kuna vitu vyake na picha zake. Acheni watoto wasome wenyewe, msiwaharakishe. Kisiwa hicho hicho ndicho alichofanyia kazi Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, mwaka 1948 alipopata fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mwanakijiji atawaonesha vilima vilikochimbuliwa mabaki hayo.

Siku moja kamili iwe ya Mfangano, kwa boti kutoka Mbita. Kuna makumbusho madogo ya jamii ya Abasuba, na miambani Kwitone na Mawanga kuna michoro ya duara jekundu na jeupe, duara ndani ya duara, iliyochorwa na wawindaji walioishi hapo kabla Abasuba hawajafika. Abasuba wenyewe asili yao ni Kibantu, lakini wengi wao sasa wanazungumza Kijaluo, na Kisuba kimebaki vinywani mwa wachache. Mumeo ni mtu wa Vihiga na watoto wake, nadhani, wanaongea Kiswahili na Sheng. Mazungumzo yatakayotokea kwenye boti wakati wa kurudi ni yake na wanawe, wewe waachie.

Sasa nifike kwenye mawe, maana hapa una silaha ambayo hujaitumia. Mume wako ni mtu wa mjengo. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, ni kuta za mawe matupu zilizojengwa yamkini karne ya 16, bila saruji, bila udongo wa kushikanisha. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Urefu wake kwenda juu ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Zimesimama kwa sababu ya namna zilivyopangwa: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati mawe madogo yanayozifunga pamoja. Milango imefanywa mifupi ili anayeingia ainame, na adui akiinama yuko mikononi mwa walinzi. Usimwambie kwamba ni mahali pa utalii. Mwambie kuna ukuta wa miaka mia kadhaa usio na hata mfuko mmoja wa simiti, na unataka aje akueleze umesimamaje. Kutoka Homa Bay mtapitia Ndhiwa. Njia ni ya kuchosha, na mvua ikiwa imenyesha dereva ajue gari lake. Ondokeni alfajiri.

Kurudi Kisumu mtapita upande wa Kendu Bay. Simameni kwa nusu saa Simbi Nyaima, ziwa la duara ambalo wenyeji husema liliwameza watu wa kijiji kilichomnyima ajuza hifadhi usiku wa sherehe. Kisha kaskazini.

Kakamega ni tofauti kabisa na ziwani, baridi kidogo na yenye mvua za alasiri hata Agosti. Msitu ule ni masalio ya msitu mkubwa wa Afrika ya Kati uliowahi kufika hadi huku, na ndiyo maana ndani yake kuna ndege na nyoka ambao hamtawaona kwingine Kenya. Aina za ndege zinapita 300. Tafuteni mwelekezi wa jamii Isecheno au Buyangu, mtoke naye saa kumi na mbili asubuhi, na Baraka apewe kazi ya kuwahesabu mbega. Simu ya Neema iacheni mfukoni mwake. Akitaka kupiga picha ya shorobo mkubwa wa buluu akiruka, atalazimika kunyamaza na kungoja, na hilo litamfaa kuliko kunyang'anywa.

Huko ndiko iliko isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho, wanayoicheza kwenye harusi, kwenye kuzaliwa na hata kwenye matanga. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya mnyama juu yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wapigaji wazee wanakwisha na vijana si wengi wanaoshika nafasi zao. Mkisikia inapigwa, simameni. Siku za Jumamosi asubuhi kuna pia mapigano ya fahali wawili kwa wawili. Mimi nisingempeleka Baraka karibu, fahali aliyeshindwa hukimbilia umati. Kandoni mwa barabara nunueni mukombero, mzizi wa kutafuna, mume wako atawaonesha namna ya kuutafuna.

Swali lako kuhusu mahali pa ibada ndilo lililonifanya niijibu barua hii kwa urefu. Unauliza kama mtu mwenye nyanya, na ndivyo inavyopasa. Kit Mikayi waumini huja kufunga na kuomba, wakiwemo wafuasi wa kanisa la Legio Maria, na mila za pale ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2019. Wageni wanaruhusiwa, kuna kiingilio na kuna waelekezi. Lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kila kitu. Msalimieni mwelekezi na mumuulize kabla ya kutoa simu: wapi tupige picha, wapi tusipige? Mkikuta mtu anaomba, simu ziwe mifukoni na sauti ziwe chini, msubiri amalize hata kama mtachelewa feri. Msiguse wala kuokota kitu kilichoachwa pale. Baraka atatamani kupanda miamba, basi apande pale atakapooneshwa tu. Na mlipe mwelekezi haki yake bila kumvuta shati, kwa sababu pesa hiyo ndiyo inayomfanya kijana wa pale abaki na hadithi za wazee wake badala ya kuja Nairobi kuendesha boda. Jambo lingine ni la Neema: kabla ya kumpiga mtu picha amuombe, na akikataliwa aseme asante. Ningependa kila mtoto wa jiji hili afundishwe hivyo.

Uganda ni kweli kwamba Mkenya mzima anavuka kwa kitambulisho. Watoto hawana kitambulisho, itabidi mshughulikie hati zao Uhamiaji mapema, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi na chanzo cha Nile pale Jinja vinastahili safari yake yenyewe mwaka mwingine. Lushoto vilevile. Milima ya Usambara ni mizuri sana, lakini Tanzania mtahitaji hati za kusafiria na mtatumia siku mbili barabarani, kwenda na kurudi.

Ikiwa Baba Neema atakataa kabisa, usivunje nyumba kwa sababu ya likizo. Kateni tiketi ya lile garimoshi la Mombasa linalosimama vituo vya kaunti, mshuke Voi, mpande milima ya Taita hadi Wundanyi kupitia Mwatate. Kuna misitu yenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani, mapango ambamo Wataita walihifadhi mafuvu ya wazee wao, na upande wa Taveta kuna mabaki ya vita vya 1914 hadi 1918. Kaeni siku tatu huko juu, halafu mshuke baharini kwa siku zilizobaki. Yeye atapata bahari yake, na Baraka hatakuuliza kesho mtafanya nini.

Mkienda ziwani kuna mambo ya afya ambayo sitaki myachukulie kwa urahisi. Kando ya ziwa malaria ni ya mwaka mzima, na mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya mtoto wa Mbita. Muoneni daktari wiki mbili kabla, awape dawa za kujikinga kulingana na uzito wa kila mtoto, na gesti isiyo na neti msilale. Watoto wasioge wala kucheza kwenye maji ya kando ya ziwa, kuna kichocho. Kwenye boti kila mtu avae jaketi la kuokolea linalomtosha. Mwenye boti akisema maji yametulia hakuna haja, tafuteni boti nyingine.

Pesa zitakazowatoka nyingi ni za gari. Hadi Kisumu nendeni kwa nauli ya kawaida, kisha mkodishe gari na dereva wa huko huko kwa siku za ziwani tu, mtu anayeijua njia ya Ndhiwa. Viingilio vya makumbusho na hifadhi za serikali hulipwa kupitia eCitizen, mwe na vitambulisho mkononi mpate bei ya raia. Kuleni kwenye hoteli za sokoni. Na dereva mpatane bei ya siku nzima, mafuta yakiwa ndani, pamoja na chakula chake na mahali pake pa kulala, kabla hamjapakia mizigo.